Mkono kwenye Gia ya Tatu

3 Februari

Kaka Mizani,

Shikamoo. Najua utaguna kabla ya kuitikia, maana wewe hata salamu unaipima kwanza. Huku hatujambo, ila tumechoka. Mimi nimechoshwa na mashuka ya hospitali, Mama amechoshwa na kukaa.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu yake. Anasema simu ni kelele, na mtu akishamaliza kuongea habaki na kitu mkononi. Barua inasomwa, inawekwa chini ya mto, kesho inasomwa tena. Kwa hiyo ukinijibu andika karatasi mbili, moja ya kumsomea yeye na moja yangu peke yangu. Hii ni yetu wawili.

Wananihamisha. Mwisho wa Juni nakwenda kufua kwenye hospitali nyingine, na huko wafanyakazi tunalala bwenini, wawili chumba kimoja. Ndugu haruhusiwi kulala hata usiku mmoja. Nimeomba mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa machozi. Mkuu wa zamu akanipa leso, akaendelea kuandika.

Sasa Mama aende wapi? Baba mdogo anasema ana chumba cha uani. Unakijua kile, dirisha linatazama ukuta, na televisheni yao haizimwi hata wakiwa hawapo. Nikimwambia arudi nyumbani kwake, ananyamaza. Alikuja kwangu kupumzika baada ya kumzika Baba, akasema ni wiki mbili, na huu ni mwaka wa tatu. Juzi nikambana. Nikamwambia, "Mama, nyumba ni yako, mwanao yumo, mkamwana wako yumo, unaogopa nini?" Akajibu, "Niliingia nyumba ile nimekaa mbele kwenye gari la baba yenu. Siwezi kurudi kwa basi, kifurushi mapajani, kama mtu aliyekuja kusalimia."

Usicheke. Mimi nilicheka, akaninunia kutwa nzima. Najua gari lenyewe sasa ni banda la kuku. Nakuomba uje uzungumze naye, wewe anakusikiliza.

Mdogo wako,
Kasuku


17 Februari

Kasuku,

Marahaba. Sikuguna.

Barua yako niliikalia kwanza, ndiyo maana jibu limechelewa. Kuja kuzungumza sitakuja. Yote ninayoweza kumwambia Mama nilishamwambia siku alipofunga mizigo, na alifunga hivyo hivyo. Nitalitengeneza gari.

Kuku wametoka. Wamekasirika, wanalala juu ya baraza wananitazama. Bodi lina kutu pembeni lakini sakafu ni nzima. Tatizo ni injini. Nimetia spana kwenye kranki nikaning'inia kwa uzito wangu wote, haikusogea hata unywele. Maji yaliingia kwa juu, pistoni zikashikana na silinda. Tumeinyanyua kwa winchi ya cheni, mimi na jirani yetu Mshonaji, ambaye alikuja kuazima ngazi akajikuta ameshika injini. Banda linavuja, kwa hiyo nimeiweka sebuleni, juu ya meza ya kulia ya Mama, na magazeti chini. Kila kipande kinachotoka nakitia kwenye kopo na kuliandika jina.

Wifi yako alirudi kutoka sokoni akasimama mlangoni na kikapu chake. "Nilidhani nimeolewa na mstaafu," akasema, "kumbe nimeolewa na gereji." Sasa tunakula jikoni, sahani magotini.

Nimemimina mafuta ya taa na oili juu ya pistoni, nasubiri yapenye. Kazi ya sasa ndiyo hiyo, kusubiri. Tangu niache kazi ya kupima uzito wa malori sijawahi kuchoka hivi.

Karatasi ya Mama iko nyuma ya hii. Nimemwambia tu kwamba nitamfuata kabla Juni haijaisha, na kwamba atakaa mbele.

Kaka yako,
Mizani


2 Machi

Kaka,

Sijui ulitia nini kwenye karatasi ile. Nimemsomea mara nne. Jana alimaliza chakula chake na kuuliza kama kuna kingine. Leo amelitoa lile gauni lake la buluu la safari, amelianika, analikagua mishono.

Maswali yamenishinda, naandika kama alivyoyataja. Kiti cha mbele bado kina tundu pale kwenye kona? (Usilizibe, anasema ndimo alimokuwa anaweka leso.) Honi bado inakohoa? Na namba tatu, umeikumbuka namba tatu? "Mwambie kaka yako," anasema, "gari lile halipandi kilima cha kiwanda cha matofali bila mimi."

Wewe unakumbuka? Mimi nilikuwa nyuma nikitazama visogo vyao. Tukifika chini ya kilima Baba anaweka gia namba tatu, anasema tu, "Mama Mizani," naye anashika liva ya gia kwa mkono wa kulia na kuikandamiza mpaka juu, isije ikachomoka. Hata kama walikuwa wamegombana asubuhi hawasemezani. Ikifika pale, "Mama Mizani," na mkono unakwenda.

Anasema pia Baba alikuwa mwendawazimu wa kubadilisha oili. Jumapili nzima chini ya gari, anatoka na grisi mpaka masikioni. Akauliza kama na wewe unabadilisha hivyo. Nikamwambia wewe unaandika tarehe hata ukinyoa ndevu.

Nalala kitini, hujaniuliza. Kitanda ni chake. Shingo imekaa upande kama ya kuku aliyeshikwa vibaya. Fanya haraka kidogo.

Kasuku


19 Aprili

Kasuku,

Hii usimsomee. Karatasi yake inasema mambo yanakwenda vizuri.

Hayaendi. Pistoni nilizitoa kwa kuzigonga na kipande cha mti, taratibu, siku hadi siku. Silinda zimepanuliwa kwa fundi wa kukereza vyuma, pistoni mpya zimeingia, ringi mpya, beringi mpya za kranki. Valvu nimezisaga kwa mkono, moja moja, mpaka zikakaa. Nilifunga kila kitu kwa utaratibu, nikarudisha injini garini, wifi yako akashangilia kurudishiwa meza. Jumamosi nikawasha. Iliwaka, Kasuku. Iliunguruma kwa muda wa mtu kuvaa shati, halafu ikatoa moshi mweupe uliofunika mpaka kamba ya nguo. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakuta oili imekuwa rangi ya maziwa. Maji yameingia ndani.

Hedi, ule mfuniko wa juu wa injini, imepinda. Niliipima ilipotoka na nikajiridhisha imenyooka, lakini niliipima kwa rula ya shule ya binti yangu, ambayo nayo kumbe imepinda. Mimi, niliyepima malori ya watu maisha yangu yote. Mshonaji alipopata habari hiyo aliketi chini. Sasa kila akinipita anauliza, "Jirani, leo mita yako ina sentimita ngapi?"

Kwa hiyo injini imetoka tena, na meza imepotea tena. Bega la kulia limekaza, mkono haupandi juu ya sikio. Nachana nywele kwa mkono wa kushoto. Asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda nikitazama viatu vyangu muda mrefu kabla ya kuvivaa. Wifi yako hasemi kitu siku hizi, na hilo linanitisha kuliko maneno yake.

Nitamaliza. Nimekuandikia wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu.

Mizani


14 Mei

Kasuku,

Ngoma imekubali. Hedi imenyooshwa, gasketi mpya, oili imebaki oili. Injini inaunguruma taratibu, hata glasi kwenye kabati hazitikisiki. Propela na difu, zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, hazikuwa na neno, nimebadilisha vizuizi vya oili tu. Klachi mpya. Na giaboksi nimeifungua, nimeimaliza. Mweleze Mama leo leo, karatasi yake ndiyo hii.

Kaka yako,
Mizani

*Karatasi ya Mama*

Mama, shikamoo.

Natumaini u mzima. Gari lako liko tayari isipokuwa breki na rangi kidogo. Nina habari ya kukufurahisha. Namba tatu imepona.

Nimeona ugonjwa wake kwa macho yangu. Ndani ya giaboksi kuna gololi ndogo inayosukumwa na springi, hiyo ndiyo inayoshika gia isitoke. Springi ilikuwa imelegea. Lakini kubwa zaidi ni foki, yaani uma wa chuma unaoisukuma gia mahali pake. Umelika upande mmoja kama sabuni. Nilikaa nao sana nikitafuta sababu, mpaka nikaelewa: mtu akiikandamiza liva, foki inasuguana na gia inayozunguka, inalika. Kumbe tulikuwa tukilaumu gari bure, mharibifu alikuwa mkono wako, Mama. Kadiri ulivyoshika ndivyo ilivyolika, na kadiri ilivyolika ndivyo ilivyochomoka.

Sasa nimeweka springi mpya na foki mpya. Nimepanda kilima cha kiwanda cha matofali kwa kutegemea breki ya mkono tu, liva sijaigusa, gia haikuchomoka. Safari hii utakaa kama malkia, mikono mapajani. Hutaishika tena maisha yako yote.

Mwanao


27 Mei

Kaka,

Umefanya nini?

Nilimsomea siku ile ile barua ilipofika. Nilipomaliza hakusema nisome tena. Alichukua karatasi, akaikunja, akanirudishia. Hii haikuingia chini ya mto. Asubuhi nikakuta gauni la buluu limerudi kwenye sanduku. Akasema, "Mwambie kaka yako asihangaike na gari tena. Nitakwenda kwa shemeji yangu, chumba cha uani kinanitosha."

Nimembembeleza, nimemkaripia, nimemnyamazia. Hakuna. Mwisho nikadhani ni ile meza, maana siku moja niliteleza nikamwambia injini inalala juu yake. Unajua alivyokuwa akiisugua meza ile. Kama umeichubua sema, nimwombe radhi kwa niaba yako. Baba mdogo ameshaambiwa, anapaka chumba chokaa. Mimi nimebakiwa na Juni moja tu, na sina nguvu za kubeba hasira za watu wawili.

Kasuku


5 Juni

Kasuku,

Meza ina doa la oili pale kona anapokaa yeye. Nimelipiga msasa, nimelipaka vanishi, bado linaonekana ukiinama. Mwambie nakubali kosa.

Breki sijamaliza. Sioni za nini. Nimelifunika gari kwa turubai, na kuku mmoja amekwisharudi juu yake kuangalia kama nafasi yake ipo. Wifi yako alisema, "Si umpigie simu umuulize mwenyewe?" Nikamwambia Mama hasikii simu. Akasema, "Wewe ndiye usiyesikia." Nilikwenda kulala jua likiwa bado lipo.

Kama amechagua chumba cha uani, ni mtu mzima. Mimi nimefanya nilichoweza.

Mizani


12 Juni

Kaka,

Si meza.

Jana nilileta mashuka nyumbani kuyakunja, yalikuwa yamezidi. Mama akashika ncha zake, mimi zangu. Tulikunja, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana. Mara akasema, bila kunitazama, "Sasa mimi nikae upande ule nifanye nini? Nihesabu miti?"

Sikuelewa. Nikasema, "Upande upi, Mama?"

"Hata hivyo," akasema, "ni miaka mingi kuharibu kitu cha mtu. Na baba yenu ananyamaza. Ananiita kila kilima, nami nakwenda kumharibia." Akaukunjua mkono wake wa kulia, akautazama kwa ndani na kwa nje, kama kitu alichouziwa kibovu. Halafu akashika shuka lingine.

Nikaenda kuisoma upya karatasi yako. Mizani, ndugu yangu, wewe ulidhani unampa raha. Ulimwambia kwamba kazi yake kwenye gari lile ilikuwa hasara, na kwamba sasa imekwisha. Na mimi nilimsomea kwa sauti, tena nikiwa natabasamu. Tumemuumiza sote wawili.

Baba mdogo anakuja kumchukua tarehe ishirini na nane. Sijui cha kumwambia. Kila neno linalonijia linafanana na pole ya hospitalini.

Kasuku


18 Juni

Kasuku,

Nilipoisoma barua yako nilikwenda kukaa ndani ya gari, upande wake. Ukikaa pale kweli hakuna cha kufanya.

Wazo la kwanza lilikuwa kurudisha springi ile ya zamani, iendelee kuchomoka. Nilifika mpaka kulala chini na spana mkononi. Kisha nikaona ataijua. Mtu aliyeishika liva ile tangu mimi sijazaliwa ataijua hila mara ya kwanza, na hapo ndipo atakapokwenda kwa baba mdogo kweli.

Nikanyanyuka niitafute foki ya zamani, sijui kwa nini, labda nimwonyeshe haikulika sana. Kopo lake nilikuwa nimelisukuma nyuma kwenye rafu ya Baba, ile ya juu ambayo kwa bega hili naifikia kwa shida. Nikapapasa, nikashusha kopo silo. Ni kopo la maziwa ya unga, zito, limefungwa kwa raba ya tyubu. Ndani kuna vyuma vilivyofungwa kwenye vitambaa vya shati lake la kaki.

Ni foki, Kasuku. Tatu. Zote za namba tatu, zote zimelika upande ule ule, kama sabuni.

Baba alijua. Alikuwa anaziondoa zikilika, anaweka nyingine. Ukitaka kufikia foki ile lazima giaboksi ishuke chini, na ukiwa peke yako ni kazi ya kutwa, mgongo sakafuni. Na kila mara alipokuwa ameifungua, springi ilikuwa pale pale mbele ya macho yake. Springi ni kitu kidogo kuliko kidole, inapatikana dukani popote. Ile niliyoitoa mimi ilikuwa ya kiwandani. Hakuibadilisha hata mara moja.

Nimeziweka mezani, pale kwenye doa. Wifi yako alikuja akasimama nyuma yangu. Nikamweleza. Alishika moja, akaizungusha, akasema, "Na wewe ukaenda ukamwandikia barua." Halafu akaniletea chai, jambo ambalo hajalifanya tangu Aprili.

Usimsomee hii. Barua moja imetosha. Mwambie baba mdogo asije. Breki nazimaliza wiki hii, nitafika huko tarehe ishirini na sita. Kama atakataa kupanda, atakataa mbele yangu.

Mizani


30 Juni

Kasuku,

Natumaini bweni si baya kama ulivyoogopa, na kwamba umepata kitanda cha chini. Lala sasa.

Uliona jinsi alivyopanda. Alipanda kwa sababu mlangoni palikuwa na watu na hakutaka tumwaibishe baba mdogo kwa kumpigia simu aje, baada ya kumwambia asije. Mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Tulikwenda hivyo muda mrefu. Nikimuuliza kitu ananijibu "ndiyo" au "sijui." Vilima vidogo vya njiani nilipanda kwa namba tatu, injini inavuta bila kulalamika, naye anatazama dirishani. Kwenye kimoja akasema, "Kweli haitoki." Ndiyo maneno yote.

Tulisimama kuipoza injini kwenye kituo cha mafuta. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu nyumbani, kwa mpangilio, na yote yakapotea. Nikachukua kopo kutoka kiti cha nyuma nikamwekea juu ya mkoba.

Alifungua vitambaa kimoja kimoja. Kitambaa alikijua kabla ya chuma. "Hili shati nililitafuta," akasema. Halafu akashika foki, akapitisha kidole gumba palipolika. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwambia ni nini na zilikuwa wapi. Nikamwambia pia habari ya springi, kwa kifupi.

Alizigeuza geuza mpaka muuza mafuta akaja kuuliza kama tunanunua au tunapumzika tu. Ndipo akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Alicheka mpaka akaitafuta leso kwenye tundu la kiti.

"Oili," akasema. "Mwanamume yule alikuwa akiniambia anabadilisha oili. Kutwa nzima. Nampelekea chakula chini ya gari, naona miguu tu, namuuliza, 'Oili gani hiyo isiyoisha?' Ananijibu, 'Gari hili linapenda oili safi, Mama Mizani.'" Akafuta macho. "Muongo mkubwa."

Akavifunga vile vitambaa upya, taratibu, akalishika kopo mpaka tukakaribia nyumbani.

Chini ya kilima cha kiwanda cha matofali nikaweka namba tatu. Nilitaka kusema yale maneno mawili, lakini si yangu. Yeye akaweka kopo chini miguuni, akanyoosha mkono wa kulia, ukasimama hewani, akaniuliza, "Nishike au nisishike?"

Gia ilikuwa imetulia kama ukuta. Haikuhitaji mtu.

"Shika, Mama," nikasema.

Akashika. Akakandamiza kwa nguvu, Kasuku, si kwa kugusa tu, na mle ndani foki ikaanza kulika. Nilikuwa naisikia kupitia kwenye kanyagio, au nilidhani naisikia. Tulipofika juu akaachia, akaupumzisha mkono mapajani na kuuchua kidogo. Kuku walikuwa barazani. Wifi yako alikuwa amefungua milango yote miwili.

Leo asubuhi ameliona doa la meza, ameinama, ameninyooshea kidole. Kopo nimelirudisha kwenye rafu ya Baba, na ile foki niliyoitoa mimi nimeitia humo, kwa hiyo sasa zimekuwa nne.

Bega bado bovu. Jumatatu nitakwenda kwa fundi wa kukereza vyuma nimwachie kipimo, anitengenezee foki ya akiba. Mama akiniuliza nakwenda wapi, nitamwambia nakwenda kununua oili.

Kaka yako,
Mizani